Mnyaa mwekundu umepoteza rangi? Kagua mahali kabla ya kukagua mmea

Ukipita kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara, iwe Ngong Road jijini Nairobi au Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, hutakosa kuuona: kichaka cha vijiti vya unene wa penseli, majani hayaonekani, chini njano, katikati rangi ya chungwa, nchani vyekundu. Huo ni mnyaa. Ni mmea ule ule wa kijani unaozungushiwa maboma huko Shinyanga na Singida, ambao Wakikuyu huuita kariaria na Wajaluo ojuok. Kwa wataalamu yote ni Euphorbia tirucalli, jina ulilopewa na Linnaeus mwaka 1753. Huu wa rangi ni aina iliyochaguliwa na watunza bustani, ikaendelezwa kwa kupanda vipande vya matawi, na wauzaji wa ng'ambo huuita Sticks on Fire.

Malalamiko nayo huwa yale yale. Nimeununua mwekundu, sasa ni wa kijani. Umeungua upande mmoja. Umeoza chini. Mwenye mmea hukimbilia mbolea, halafu dawa ya wadudu, halafu maji. Mimi nasema aanze na mahali. Mnyaa huvumilia kiu, upepo wa bahari na udongo usio na rutuba, lakini mambo mawili haupatani nayo kabisa: kivuli, na maji yanayokaa mizizini. Yote mawili huamuliwa siku unapochimba shimo.

Kabla hujaugusa: utomvu wake mweupe ni sumu kwa macho na ngozi, na rangi nzuri ya huu haipunguzi lolote. Kila panapotajwa kukata, kung'oa au kuhamisha, vaa glavu, shati la mikono mirefu na miwani. Kufumba macho si kinga.

Mmea mzima umekuwa wa kijani, vijiti vimerefuka na kukonda

Mwanga hautoshi. Hili ndilo tatizo linaloongoza, na tiba yake haiuzwi dukani.

Ule wekundu ni kinga. Mnyaa wa rangi una chembechembe chache za kijani kuliko ule wa porini, ndiyo maana hukua taratibu na mara nyingi huishia mita 2 hivi, wakati wa porini huipita mita 5 bila taabu. Ukiwa juani kutwa, hupata mwanga mwingi kuliko unaoweza kuutumia, hivyo hutengeneza rangi za njano na nyekundu za kuzuia ile ziada isiuunguze. Ukiwekwa kivulini, kinga hiyo haina kazi tena. Unachohitaji ni kunasa kila mwanga unaopita, kwa hiyo huongeza kijani na kunyoosha vijiti kuelekea kwenye uwazi. Samadi haibadilishi hali hiyo. Ikizidi huiharibu zaidi, kwa sababu husukuma machipukizi laini ya kijani.

Unahitaji saa sita za jua la moja kwa moja kwa siku, na nane ni bora. Shida ni kwamba wengi wetu hukadiria jua la uani kwa kuchungulia mara moja, tena jioni tukitoka kazini, wakati ambapo jua limelala na linaingia hata chini ya mwembe. Fanya hivi: weka jiwe pale unapotaka kupanda. Liangalie saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Ukilikuta kivulini mara mbili kati ya hizo tatu, tafuta pengine.

Sasa kuna mtego unaowanasa hata watu makini. Maelezo mengi yanayopatikana kuhusu mmea huu yameandikwa kwa ajili ya California au Arizona, na yatakuambia uupande upande wa kusini wa nyumba. Kwao ni sawa. Wako mbali kaskazini mwa ikweta, na saa za mchana jua lao liko kusini mwaka mzima. Kwetu jua huhama. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua huwa utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana liko kaskazini, na miezi inayobaki liko kusini. Maana yake, mnyaa uliobanwa kwenye ukuta wa kusini wa nyumba ya Tabata au Kigamboni utakaa takribani miezi saba bila jua la mchana. Ule wa ukuta wa kaskazini utakaa hivyo miezi mitano. Nairobi, kwa kuwa iko nyuzi 1 na kidogo tu kutoka ikweta, mgawanyo ni karibu nusu kwa nusu.

Hapo utaelewa yule mtu anayesema mmea wake "ulikuwa mzuri Desemba, ukaharibika Juni." Mmea uko pale pale. Jua ndilo lililohamia upande wa pili wa nyumba.

Hesabu kidogo, kwa wanaopenda hesabu. Juni, jua la mchana Dar es Salaam liko nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa kaskazini. Ukuta wa mita 2 hutupa kivuli cha zaidi kidogo ya mita 1 upande wake wa kusini, na ghorofa la jirani lenye mita 10 hutupa kivuli cha karibu mita 6. Kwa hiyo kusogeza shimo mita moja na nusu kutoka ukutani kunaweza kukupa jua la mwaka mzima pale pale ulipotaka. Kama ua wako ni mwembamba na hakuna pa kusogea, chagua ukuta unaotazama mashariki au magharibi. Utapata nusu siku ya jua, lakini utaipata kila mwezi.

Roshani yenye paa ni kesi ngumu kuliko inavyoonekana. Ukanda wetu jua la saa sita liko juu sana, na paa huliziba lote. Kinachoingia ni la asubuhi au la jioni tu. Sukuma chungu hadi kwenye ukingo kabisa, au kipandishe juu ya nyumba kama kuna paa la zege. Sebuleni usijaribu, hata dirisha liwe kubwa namna gani. Vioo, nondo na pazia vikishachukua chao, kinachobaki kinamtosha mmea wa aina nyingine.

Walioko Maskati wao wafuate dira nyingine: huko jua la mchana liko kusini karibu mwaka mzima, na ukuta wa kusini ni mahali pazuri Novemba hadi Machi, ila Juni na Julai mmea wa kwenye chungu utahitaji kivuli cha alasiri, vinginevyo joto la zege litaupika mizizi.

Mmea una rangi, ila tawi moja ni la kijani kabisa

Hili halihusiani na mahali. Tawi moja limerudi kwenye asili ya porini. Utalitambua kwa sababu ni nene, limenyooka na linakua mbio kuliko mengine. Likate kwenye kiungo linapoanzia, mapema, kwani lina kijani kingi kuliko mengine yote na baada ya muda litayafunika. Usilipande ukidhani litageuka jekundu.

Jua lipo la kutosha, lakini wekundu umefifia na kubaki njano

Uliza kwanza ni mwezi gani. Rangi kali hutokana na jua pamoja na ubaridi wa usiku. Msimu wa joto mnyaa wa rangi hufifia na kuwa wa njano au kijani kilichochanganyika na njano, na huo si ugonjwa.

Na uliza uko wapi. Iringa na Mbeya zina bahati: miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ni mikavu, anga bila mawingu mchana na usiku wa kuvaa sweta. Hapo mnyaa huwaka. Nairobi na Arusha ni hadithi nyingine, maana Julai kuna baridi lakini mawingu yamefunika, mmea unakosa jua. Nairobi rangi nzuri huweza kuja Januari na Februari, mvua za vuli zikishaisha, wakati mchana ni jua tupu na usiku bado unapoa. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, usiku haupoi vya kutosha. Hata Julai, alfajiri ya Dar es Salaam huwa kwenye nyuzijoto 18 au 19. Ukiwa huko utapata njano na chungwa la kupendeza, na wekundu kidogo nchani. Muuzaji akikuonyesha picha ya kichaka chekundu tupu, picha hiyo haikupigwa Magomeni.

Kuna njia moja ya kusaidia rangi ukiwa pwani: mahali pa wazi panapopitiwa na upepo wa usiku, mbali na ukuta uliokunywa joto mchana kutwa. Ukuta wa tofali za saruji unaotazama magharibi huendelea kutoa joto hadi saa nne usiku. Weka mkono uone.

Kwa upande wa pili, baridi nayo ina mpaka. Penye jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu, kama uwanda wa Kitulo, mnyaa huungua ncha na hata kufa. Huko uweke kwenye chungu na uingize barazani usiku wa Juni na Julai.

Baka la kahawia au jeupe, gumu, upande mmoja tu

Angalia baka limeelekea wapi. Kama ni upande wa magharibi, na mmea ulinunuliwa majuzi, umeungua na jua. Ndiyo, mmea unaopenda jua huungua. Kitaluni ulikuwa chini ya neti nyeusi ya kivuli, nawe umeutoa kwenye gari na kuuweka moja kwa moja kwenye uwanja wa saruji saa saba mchana.

Baka hilo halifutiki. Ni kovu, halienezi, na machipukizi mapya yatalificha baadaye. Likiwa laini, lenye majimaji, linapanda au kushuka siku hadi siku, hilo si kovu. Ruka uende kwenye kuoza.

Mmea mpya uzoeshwe. Wiki ya kwanza upate jua la asubuhi hadi saa nne, ya pili hadi saa sita, ya tatu uuache kutwa. Kama umeshapanda ardhini na huwezi kuuhamisha kila siku, simika miti miwili na utundike kipande cha neti au khanga kuukuu upande wa magharibi kwa majuma mawili.

Kama mmea ni mkongwe mahali hapo na bado unaungua, tafuta kinachorudisha mwanga: ukuta uliopakwa rangi nyeupe karibuni, mabati mapya ya jirani, paving ya rangi ya kijivu iliyowekwa juzi. Na chungu cheusi cha plastiki juu ya saruji huchemka. Ukipandisha juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini, tatizo huweza kwisha.

Vijiti vimesinyaa na vina mikunjo

Hapa ndipo mimea mingi huuawa kwa huruma. Dalili ni moja, lakini sababu mbili zinazopingana: mmea una kiu, au mizizi imeoza na haiwezi tena kunywa maji yaliyopo. Anayemwagia maji mmea uliooza anaumaliza.

Ingiza kidole au kijiti kwenye udongo hadi sentimita 10. Kama ni mkavu huko chini, na shina kwenye usawa wa ardhi ni gumu, ni kiu. Mwagilia hadi maji yatoke chini ya chungu, na ndani ya siku chache vijiti vitajaa tena. Kama udongo una unyevu, au shina linabonyea, au mmea unacheza ukiusukuma kidogo, ni mizizi.

Kwa mmea wa ardhini uliokwisha kushika, kiu ni nadra. Mvua inatosha sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ukiona mnyaa wa ardhini umesinyaa katikati ya masika, usiulize mara mbili.

Shina limekuwa laini au jeusi chini, mmea unalala

Umeoza, na sababu ni maji. Lakini "maji mengi" si jibu, kwa kuwa wengi watakuapia kwamba hawakumwagilia hata tone. Nao husema kweli. Maji yalitoka pengine, na kazi ni kuyatafuta.

Anza juu. Je, mmea uko chini ya ukingo wa bati lisilo na gata? Mvua moja ya masika humwaga pale maji ya nusu paa. Utaona kijifereji kilichochimbwa na matone, sambamba na ukuta. Je, kuna bomba la kiyoyozi linalodondokea hapo? Hili la pwani ni la siri sana, kwa sababu tone moja moja, mchana na usiku, miezi mingi, huweka unyevu usiokauka hata kiangazi. Kisha angalia chini. Chemba, shimo la maji taka, bomba la nje la kuoshea vyombo, mtaro wa bafu. Ukiona migomba au magimbi yanastawi hatua mbili kutoka hapo, umeshapata jibu. Mahali panapofaa magimbi hapafai mnyaa.

Kama hakuna chanzo kinachoonekana, pima udongo wenyewe. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywewe. Lijaze mara ya pili na uhesabu saa moja. Maji yakishuka sentimita 3 au zaidi, panafaa. Yakiwa yamekaa, udongo ni mzito.

Mchanga wa pwani na miamba ya matumbawe ya Zanzibar na Mombasa hufaulu kipimo hiki kwa urahisi. Wanaoteseka ni wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kunasa viatu wakati wa mvua, kama wa Embakasi na Athi River. Kwa hao nina ushauri mmoja: usichimbe shimo. Shimo lililojazwa udongo mzuri katikati ya mfinyanzi ni bakuli tu, maji ya eneo zima yatakuja kukaa humo. Panda juu ya ardhi badala yake. Jenga tuta la sentimita 30 hadi 40 kwa udongo wa juu uliochanganywa na mchanga wa mto na changarawe, nusu kwa nusu, zungushia mawe, upande juu yake. Mchanga uwe wa mto au wa machimbo, usiwe wa ufukweni. Chungu nacho ni sharti kiwe na matundu chini, pamoja na zile ndoo za rangi ambazo watu hupandia bila kuzitoboa.

Mmea uliooza shina hauponi, ila unaweza kuokoa matawi. Kata sehemu ngumu iliyo mbali na uozo, ukiangalia kwamba sehemu iliyokatwa ni safi, haina doa la kahawia katikati. Suuza utomvu kwenye mkato kwa maji hadi uache kutoka, kisha laza matawi mahali pakavu penye kivuli kwa wiki nzima ili kidonda kifunge. Yapande kwenye mchanga mkavu uliochanganywa na udongo kidogo. Maji ya kwanza yasubiri siku kadhaa.

Vitu vyeupe kama pamba kwenye viungo vya vijiti

Ni wadudu waitwao vidung'ata. Hupenda mimea iliyosongamana mahali pasipo na hewa, hasa kona ya roshani. Pangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia kila wiki hadi waishe, na usogeze chungu penye upepo. Ukiwapata sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, wafukuze nao, kwa sababu huwalinda vidung'ata ili wanywe utamu wao.

Matawi yanavunjika ovyo

Matawi ya mnyaa ni mepesi kukatika kiasili. Penye kona ya nyumba ambapo upepo wa kusi hujikusanya na kupita kwa nguvu, au njia ya mbwa, au njia ya watoto kwenda bombani, yatakatika kila siku. Na kila likikatika moja, utomvu hutoka. Jambo hili linatuleta kwenye dalili ambayo haionekani kwenye mmea.

Mtu wa nyumbani anawashwa, au jicho limekuwa jekundu

Mahali ni pabaya hata kama mmea unang'aa.

Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huleta maumivu makali, uvimbe, na huweza kumfanya mtu asione kwa muda. Maumivu mara nyingi huongezeka baada ya saa kadhaa, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba limepita. Jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usipoteze muda kutia maziwa ya mama wala dawa ya macho iliyobaki kabatini. Kwenye ngozi, futa kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha osha kwa sabuni na maji, na mkono usiguse uso kabla ya hapo.

Kwa watoto kuna sababu nyingine ya kuwa mkali. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akifanya kazi Uganda, alieleza saratani ya utotoni ambayo leo ina jina lake. Tangu hapo watafiti wamechunguza mambo mengi yanayoambatana nayo, yakiwemo utomvu wa mnyaa, kwa kuwa mmea huu umezunguka maboma mengi katika maeneo ambako saratani hiyo hutokea, na maabara zimeonyesha kwamba utomvu wake huweza kuamsha kirusi kinachohusishwa nayo. Sisemi ung'oe mmea wako kwa hofu. Nasema usiwe kitu cha kuchezea mtoto.

Kwa hiyo, kabla ya jua na kabla ya udongo, futa sehemu hizi kwenye orodha yako. Kando ya mlango na njia ya kupita, angalau mita 1 na nusu. Chini au pembeni ya kamba ya nguo, kwa sababu utomvu ukigandia kwenye shuka hautoki kirahisi, na shuka hilo litalaliwa. Uwanja wa watoto. Karibu na bwawa la samaki: wavuvi wa sehemu nyingi wamewahi kutumia utomvu huu kulewesha samaki, usitarajie sato wako watasalimika. Chini ya gata au tangi la maji ambako fundi atalazimika kupenya kila akija. Na juu ya ukuta wa mpakani matawi yakiangukia kwa jirani. Mpogoaji wake hatajua anachokata.

Mahali ninapopapenda mimi ni katikati ya duara la mawe, kwenye uwazi wa mbele ya nyumba, mita 2 kutoka njia ya gari. Jua linaufikia kutoka pande zote, maji hayatuami, na hakuna sababu ya mtu kupita akiugusa. Wakazi wa nyumba za kupanga, chungu kizito cha saruji kwenye kona ya ua isiyo na mlango kinafanya kazi hiyo hiyo, na ukihama unaondoka nacho.

Umeshajua mahali ni pabaya. Unauhamishaje?

Hamisha kiangazi, udongo ukiwa mkavu, asubuhi. Ufunge matawi pamoja kwa gunia au shuka kuukuu ili yasikatike. Chimba kwa duara pana kidogo kuliko kichaka, ukate mizizi ya pembeni kwa jembe lenye makali badala ya kuivuta. Iliyokatwa iache ipate hewa kivulini kwa siku mbili au tatu. Panda kwa kina kile kile kilichokuwepo, wala usifukie shina zaidi ukidhani utalishikilia; kama unayumba, simika mti wa kuegemea.

Usimwagilie kwa wiki moja. Kama unatoka kivulini kwenda juani, rudia ule utaratibu wa neti upande wa magharibi, kwa maana mmea uliokuwa wa kijani kwa mwaka mzima hauna kinga hata kidogo. Rangi itaanza kwenye machipukizi mapya, ncha za njano kwanza. Vijiti vile vya zamani vilivyorefuka na kukonda vinaweza kubaki vya kijani, na ukishaona mapya yameshika rangi unaweza kuvipunguza, kimoja kimoja, ukiwa umevaa miwani. Vipande usivitupe kwenye lundo la taka wanapochokora kuku na watoto. Vifukie.